Kikombe cha Chai na Njia ya Tabora

Tarehe 23 Juni mwaka 1871 msafara mkubwa uliingia Unyanyembe, nchi ile ambayo ndani yake umo mji wa Tabora. Mkuu wake alikuwa mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, aliyetoka Bagamoyo miezi mitatu nyuma akimtafuta Dk. Livingstone. Asubuhi ile alikuwa hajala kitu, na jua limekwisha kuwa kali. Liwali wa Waarabu wa mahali pale, Sheikh Said bin Salim, akamkaribisha, akamwandalia chai katika buli la fedha, pamoja na mikate ya moto iliyofunikwa. Stanley mwenyewe aliandika katika kitabu chake ya kuwa alikunywa vikombe kumi na kimoja, na mikate ile iliyopangwa kama mnara akaimaliza.

Habari za Stanley kukutana na Livingstone huko Ujiji zimesomwa na watoto wengi shuleni. Vikombe kumi na kimoja vya Unyanyembe havitajwi sana. Walakini mimi naona ya kuwa katika kikombe kile limo somo zima la historia ya njia ya misafara. Majani yale yalitoka wapi? Nani aliyachukua? Maji yalikuwa maji gani? Na katika watu wote waliofika siku ile wakiwa wamechoka, ni nani aliyepewa kikombe, na ni nani asiyepewa?

Basi leo nataka tufuate kazi ya kupika chai ya rangi, yaani chai isiyotiwa maziwa, hatua kwa hatua. Kazi hii ina mambo manne: majani, maji, moto, na muda. Kila jambo katika haya lina habari yake katika njia ya Tabora, na mwisho wake nitawaeleza namna ya kuitengeneza vema.

Jambo la kwanza ni majani. Mchai ni mti wa nchi za Uchina na mipaka ya Bara Hindi, na hata neno letu chai asili yake ni Uchina, likatufikia kwa kupita katika lugha za watu wa mashariki waliofanya biashara na pwani yetu. Watu wa Uchina wameinywa chai tangu zamani sana. Huko Assam, katika Bara Hindi, mchai ulionekana ukimea wenyewe mwituni, na mwaka 1839 chai ya Assam iliuzwa mnadani London kwa mara ya kwanza. Stanley alipoisifu chai ya liwali aliiita jani la Assam.

Ili kufika Unyanyembe, jani hilo lilivuka bahari mpaka Unguja, kisha likavushwa mpaka Bagamoyo. Hapo bahari ilikoma, na safari ya miguu ya watu ikaanza. Gari halikuweza kupita, na ng'ombe na punda wengi waliuawa na ndorobo. Basi karibu kila kitu kilichokwenda bara kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na sufuria yake, mkeka wake na silaha yake. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857, waliingia Kazeh, mji ambao baadaye uliitwa Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Walikuwa wameizoea njia hii kabla Waarabu hawajafanya makao Kazeh, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi salama alipata heshima kijijini kwao. Ujira wake ulikuwa nguo ya merikani iliyofumwa Marekani. Chai haikuwa bidhaa ya kubadilishana njiani, kama nguo na shanga. Ilikuwa kitu cha mwenye msafara, akiba yake mwenyewe, iliyofungwa katika kasha kwa uangalifu.

Na uangalifu huo ulihitajika, kwa maana jani la chai ni kavu na lina kiu. Likiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa na harufu ya kila kitu kilicho karibu. Wakati wa masika bonde la Mkata, magharibi ya Morogoro, lilifurika maji, na misafara ilipita humo ikizama matopeni. Mwenye kasha la chai ambalo halikufungwa vema alifika Unyanyembe na majani yenye ukungu.

Jambo la pili ni maji. Ukitaka kuijua njia ya kale, yasikilize majina ya mahali. Kabla ya kuingia Ugogo palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Makali, maana yake maji makali. Baada ya Ugogo, kabla ya kufika Unyamwezi, palikuwa na pori la Mgunda Mkali, ambalo wasafiri waliliogopa kwa ukame na jua lake. Majina hayo waliyatoa watu waliokuwa wakitafuta maji. Katika Ugogo maji ya visima vingi yalikuwa na ladha ya chumvi au magadi, na wenye visima walidai hongo kabla ya kuwaruhusu wageni kuteka. Chai iliyopikwa kwa maji kama hayo haifichi kitu. Rangi yake hufifia, juu yake hutanda utando, na ulimi hutambua mara moja.

Lakini maji yalikuwa na madhara makubwa kuliko ladha mbaya. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja na pwani, kikaua watu wengi mno, kikapanda pia na misafara kwenda bara. Katika watu waliotumwa kumpelekea Livingstone mizigo yake, wengine walikufa kwa ugonjwa huo. Huko London, mwaka 1854, tabibu John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha ya kuwa kipindupindu hufuata maji machafu, lakini hata Ulaya wengi walikuwa hawajamsadiki. Mwaka 1884 Robert Koch, Mjerumani, alikieleza kijidudu chenyewe. Sisi leo twajua ya kuwa maji yakichemka sawasawa, kijidudu hicho hufa.

Sasa fikirini kambi ya msafara jioni. Hemani kwa mwenye mali, birika limewekwa motoni, maji yanachemka. Anakunywa chai kwa sababu yampendeza, wala hajui ya kuwa moto ule umemwondolea hatari. Hatua mia kutoka hapo, mpagazi aliyelichukua lile kasha la chai anainama penye dimbwi, mahali watu na punda walipokanyaga mchana kutwa, anakunywa kwa kata. Hakuna aliyemwambia ayachemshe, kwa maana hapakuwa na aliyejua. Siwezi kusema ya kuwa kikombe cha chai kingewaokoa wote, kwa kuwa watu walikufa pia kwa ndui, homa, njaa na uchovu. Ila nasema hivi: kitu kilichoweza kumsaidia mpagazi kilikuwa kichwani mwake siku zote, akakichukua mpaka Tabora kwa ajili ya mwingine.

Jambo la tatu ni moto. Wanafunzi mnaonisikiliza, pengine mmefundishwa ya kuwa maji huchemka kwa joto la digrii 100. Hiyo ni kweli kando ya bahari. Tabora iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,200, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, maji hapo huchemka kwa digrii 96 hivi. Wasafiri wa kale waliitumia kanuni hiyo. Burton na Speke walipima kimo cha nchi kwa kutia kipimo cha joto katika maji yanayochemka. Lakini vipimo vyao vilikuwa vimeharibika kwa safari, na kosa dogo la kipimo likawapa kosa kubwa la kimo. Ziwa Tanganyika walilikadiria kuwa futi 1,850 hivi juu ya bahari, na kumbe ni zaidi ya futi 2,500.

Kwa mpishi wa chai maana yake ni hii: maji ya Tabora, hata yakichemka kwa nguvu zote, hayana joto lile la maji ya Bagamoyo. Kwa sababu hiyo hayafai kupoteza joto hata kidogo. Yapasa buli lipashwe kwanza, lifunikwe, na majani yaachwe ndani muda mrefu kidogo kuliko pwani.

Jambo la nne ni muda, na hapo turudi nyumbani kwa liwali. Muda wa kungoja chai iive ndio muda wa mazungumzo. Katika baraza za Tabora ndipo habari za njia zilipopokelewa: bei ya pembe, ugomvi wa watemi, msafara uliochelewa, mtu aliyekufa. Said bin Salim mwenyewe alikuwa mtu wa njia. Mwaka 1857 alikuwa mkuu wa msafara wa Burton na Speke, na mwaka 1860 akatoka pwani tena pamoja na Speke na Grant. Sheikh Snay bin Amir, aliyewapokea Burton na Speke kwa ukarimu mwingi huko Kazeh, alianza maisha yake Maskati akitengeneza vitu vitamu vya kuuza, kisha akawa tajiri wa pembe na watumwa.

Neno hilo la mwisho hatuwezi kuliruka. Nyumba zile za tembe zilihudumiwa na watumwa. Mara nyingi mkono ulioleta kuni, uliochota maji na kumimina chai ulikuwa mkono wa mtu asiye na uhuru wa kuondoka. Na njia iliyoleta majani kwenda magharibi ndiyo iliyopeleka watu waliofungwa kwenda mashariki, mpaka soko la watumwa la Unguja, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Ukarimu wa baraza ulikuwa wa kweli, na wageni wengi waliusifu. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa, na watu waliolipa gharama ile hawakuketi barazani.

Wala amani ya baraza ile haikudumu. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa na ugomvi na Waarabu juu ya biashara na haki ya njia. Miezi miwili tu baada ya vikombe vile kumi na kimoja, mwezi wa Agosti 1871, watu wake waliingia Tabora, wakateketeza sehemu ya mji. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Mwezi wa Februari mwaka 1872 alirudi Unyanyembe pamoja na Livingstone. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi, na Livingstone akakaa Kwihara mpaka tarehe 25 Agosti, akingoja watu wa safari yake ya mwisho. Nyumba ya Kwihara imejengwa tena kwa umbo lake la kale, nayo ni nyumba ya makumbusho.

Mzigo ulishuka kichwani pa mpagazi wakati reli ilipofika. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wa miezi mitatu ukawa wa siku chache. Chai na sukari zikaingia madukani, zikauzwa kwa vipimo vidogo ambavyo hata mkulima aliweza kununua. Wajerumani walijaribu pia kupanda mchai Amani, katika Usambara, na Rungwe, mwanzoni mwa karne ya 20, na kuanzia mwaka 1926 ukaanza kulimwa kwa biashara. Leo mashamba yako Usambara, Mufindi, Njombe na Rungwe. Tabora haina mashamba ya mchai, kwa sababu mti huu wataka mvua karibu mwaka mzima, na Unyamwezi una kiangazi kirefu. Lakini Tabora ina kitu kingine cha kutia kikombeni, nacho ni asali ya misitu ya miombo. Mizinga ya magome ilitundikwa mitini huko tangu kabla ya sukari kuletwa.

Sasa nieleze namna ya kuitengeneza chai ya rangi.

Kwanza, majani yawe mazuri na makavu, nayo yawekwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na samaki, vitunguu, sabuni na mafuta ya taa. Jani la chai nyeusi limenyaushwa, likasokotwa, likaachwa hewani hata likageuka rangi ya shaba, kisha likakaushwa kwa moto. Kazi hiyo yote huharibiwa na kopo lililo wazi.

Pili, teka maji mapya, yasiyo na chumvi wala matope. Yakiwa na matope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Usiyatumie maji yaliyolala birikani tangu jana.

Tatu, yachemshe hata yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda. Maji yanayotoa mvuke tu hayajawa tayari, kwa chai wala kwa afya.

Nne, mimina maji ya moto kidogo katika buli, lizungushe lipate joto, kisha yamwage. Tia kijiko kimoja kidogo cha majani kwa kila kikombe. Wako watu wanaoongeza kijiko kimoja zaidi kwa ajili ya buli, nao wapendao chai kali na wafanye hivyo. Usipokuwa na buli, sufuria safi yenye kifuniko yatosha.

Tano, lipeleke buli kwenye birika, wala usilipeleke birika kwenye buli, ili maji yamiminwe yakingali yakitokota. Funika upesi. Ngoja dakika nne au tano.

Sita, chuja, umimine vikombeni. Usiyarudishe majani motoni na kuyachemsha muda mrefu ukidhani utapata chai zaidi. Utapata ukakasi tu, ule unaokausha ulimi, kisha utatia sukari nyingi ili kuuficha, na hivyo utapoteza majani na sukari pamoja. Ukitaka tangawizi, iliki au mdalasini, vichemshe na maji kabla ya kumimina juu ya majani. Ukitia asali, ngoja chai ipoe kidogo, harufu yake isipotee.

Neno moja la afya niliongeze. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata katika mboga na maharage. Kwa hiyo mama mwenye mimba na watoto wadogo wasiifanye kuwa kinywaji cha kushushia chakula. Wape maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakafunikwa. Birika ni lile lile, na moto ni ule ule.

Wasikilizaji wangu, miembe mikubwa ingali imesimama penye sehemu za njia ya kale kati ya Tabora na Ujiji, na watu hupumzika chini ya kivuli chake. Historia ya njia ile imeandikwa zaidi na waliokunywa chai kuliko waliochukua mizigo. Twajua hesabu ya vikombe alivyokunywa Stanley asubuhi moja, lakini hatujui jina la mtu aliyelichukua kasha la majani yale. Labda alikuwa babu wa babu wa mtu anayenisikiliza.

Basi mgeni akifika kwako amechoka, chemsha maji sawasawa, pima majani, funika, ngoja. Na aliye mchukuzi wa mzigo, au dereva, au mtoto aliyemwongoza mgeni mpaka mlangoni, naye mpe kikombe chake, kwa maji yale yale yaliyochemka. Liwali alimpa mgeni wake vikombe kumi na kimoja, na tumsifu kwa hilo. Sisi twaweza kumpa kimoja yule aliyebaki nje.